Javara hazioti kwa baridi ya Julai Mbeya: naomba msaada kabla ya Gauri Vrat

Mama_ForestMpya

Habari zenu wapendwa. Tupo Mbeya mjini. Binti mwenye miaka minane anaanza Gauri Vrat, mfungo wa Kihindu wa siku tano bila chumvi, mwaka huu wa 2026, na shangazi yake yupo mwaka wa tatu wa Jaya Parvati, mfungo mwingine kama huo. Kinachotusumbua ni javara, yaani majani machanga ya ngano yanayooteshwa kwenye chungu kwa ajili ya ibada. Maelekezo yote yanayotoka Gujarat yanasema panda ngano kwenye chungu siku ya kwanza ya mfungo, mwagia maji kila asubuhi wakati wa puja (ibada), siku ya tano majani yamesimama. Hapa kwetu siku ya tano punje zimevimba tu, nyingine zimeshika ukungu, na mtoto anabaki anaabudu chungu cha udongo mtupu.

Naomba kujua: tupande lini na ngano ipi? Tarehe za mwaka huu ni zipi, maana kalenda mbili tulizo nazo hazikubaliani kuhusu Jaya Parvati? Shule zimeshafunguliwa, mtoto ale nini bila chumvi? Na mwisho javara tuzipeleke wapi, maana Mto Nzovwe wakati huu wa kiangazi maji ni machache?

Ngano_Uyole

Dada, shida ni joto. Udongo ukiwa na nyuzi 20 hadi 25 ngano inachomoza kwa siku tatu au nne. Ukiwa na nyuzi 10 hadi 12, kazi hiyohiyo inachukua wiki na zaidi. Julai Gujarat ni msimu wa mvua na hata usiku kuna joto, ndiyo maana siku tano zinawatosha. Mbeya ipo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai kipimajoto kinashuka chini ya 10. Chungu kikikaa juu ya sakafu ya saruji, udongo wake unapoa kuliko hata hewa ya chumbani. Mtu wa Njombe au Makete aongeze siku mbili au tatu juu ya hesabu nitakayotoa.

Anza na mbegu. Sokoni Mwanjelwa utakuta ngano nzima, na utakuta iliyokobolewa kwa ajili ya kupikwa. Iliyokobolewa imeumizwa kiini, haioti hata ukiipeleka Dar es Salaam. Ipo pia mbegu ya kupanda shambani iliyopakwa dawa, utaijua kwa rangi ya pinki au nyekundu. Hiyo usiiguse kabisa kwa kazi hii. Dawa ile ni ya kuua fangasi na wadudu, mtoto atashika chungu kila asubuhi, na javara mara nyingi huishia mdomoni mwa ng'ombe. Nunua ngano nzima ya msimu uliopita, kisha ifanyie jaribio wiki mbili kabla: punje 20 kwenye kitambaa kibichi, mahali pa joto. Zikiota pungufu ya 16 ndani ya siku nne, tafuta nyingine.

Sasa kuotesha. Usipande punje kavu. Loweka kwa maji ya uvuguvugu saa 8 hadi 12, isizidi hapo, kwa sababu punje iliyozama muda mrefu inakosa hewa na kuoza. Mwaga maji, funga ngano kwenye kitambaa safi cha pamba kilichokamuliwa, weka ndani ya hotpoti iliyosuuzwa kwa maji ya moto kidogo. Mfuniko uegeshe tu, usiubane. Asubuhi na jioni fungua, suuza ngano kwa maji ya uvuguvugu, kamua, rudisha. Wanaotengeneza kimea cha ulezi cha komoni wanaijua kazi hii vizuri: unyevu, joto na hewa, vyote vitatu kwa pamoja. Baada ya siku mbili utaona ncha nyeupe ya mzizi. Hapo ndipo unapanda. Ukisubiri mizizi irefuke hadi ishikane, itakatika wakati wa kuitandaza.

Udongo: sehemu mbili za udongo mwepesi uliochekechwa, sehemu moja ya samadi iliyooza kabisa. Samadi mbichi inachoma mizizi na ndiyo inayoleta ukungu mwingi. Chungu lazima kiwe na tundu chini na kisahani cha kupokea maji. Kwa chungu chenye upana wa sentimita 15, ngano kavu gramu 30 hadi 40 inatosha, yaani kiganja kimoja cha mtu mzima. Itandaze iwe tabaka moja, punje zigusane lakini zisipandane. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanamwaga nusu kilo ili javara zionekane nene, punje za chini zinakosa hewa, zinaoza na kuambukiza za juu. Funika kwa udongo usiozidi nusu sentimita.

Mchana chungu kikae dirishani upande wa jua. Usiku kitoe dirishani, maana kioo cha usiku ni baridi mno, kiweke kwenye boksi la karatasi ngumu juu ya kabati la jikoni na ufunike kwa kanga. Maji ya kumwagia yawe ya uvuguvugu. Yale yanayotoka bombani alfajiri yanarudisha nyuma joto lote ulilolikusanya mchana.

Ukifuata hivyo, vichwa vya kijani vinatokea siku ya tatu au ya nne tangu kupanda, na siku ya nane utakuwa na majani ya kama vidole vinne. Kwa hiyo kwa mfungo unaoanza 25 Julai, loweka jioni ya tarehe 14, weka kwenye hotpoti asubuhi ya 15, panda tarehe 17.

Gangilonga_Mandir

Nashukuru kwa maelezo ya ngano, yamekaa sawa. Mimi naongezea upande wa ibada.

Kwanza ondoa wasiwasi wa kupanda kabla. Zipo familia zinazopanda siku ya kwanza ya vrat, na zipo nyingi tu, hasa kwa Gauri Vrat, zinazopanda siku kadhaa kabla ili siku ya kwanza mtoto akute javara zimesimama. Njia zote mbili zinakubalika. Kama bibi wa familia anashikilia kupanda siku ya kwanza, oteshea kwenye hotpoti kama ulivyoelekezwa, kisha siku ya kwanza asubuhi ndiyo binti atandaze ngano iliyokwisha kuchipua kwenye chungu kwa mkono wake. Hapo mambo yote mawili yanatimia.

Tarehe. Gauri Vrat inaanza Ashadh sud agiyaras, yaani siku ya kumi na moja ya mwezi unaokua katika mwezi wa Kihindu wa Ashadh, na kuisha siku ya mwezi mpevu. Mwaka 2025 ilikuwa 6 hadi 10 Julai. Mwaka huu kuna mwezi wa nyongeza, Adhik Jeth, ulioanza 17 Mei hadi 15 Juni, kwa hiyo kila kitu kimesogea mbele: 25 hadi 29 Julai. Jaya Parvati inaanza siku ya teras, yaani ya kumi na tatu, na kuisha vad trij, siku ya tatu baada ya mwezi mpevu. Kalenda zako hazikubaliani kwa sababu mwaka huu teras inaanza kabla ya adhuhuri ya 26 Julai kwa saa zetu na kuisha mchana wa tarehe 27. Anayefuata teras inayokuwepo jioni, jua linapozama, ataanza 26. Anayefuata teras inayokuwepo jua linapochomoza ataanza 27. Puja ya Jaya Parvati hupangwa kwa pradosh, saa za machweo, hivyo kanuni ya jioni ina uzito, lakini uliza mandir (hekalu) yenu na wote mfuate siku moja. Vibaya zaidi ni nyumba moja kufanya jagran (mkesha) usiku mmoja na jirani usiku mwingine.

Na tafadhali msinakili saa za Mumbai. Tofauti ya saa ni mbili na nusu, lakini jua halifuati hesabu hiyo. Mumbai mwezi huu jua linazama kama saa 1:20 usiku kwa saa zao. Ukitoa saa mbili na nusu unapata saa 10:50 jioni, wakati Mbeya jua linazama karibu saa 12:40. Ukianza pradosh saa 10:50 umefanya puja mchana kweupe. Iringa tunatangulia Mbeya kwa kama dakika kumi.

Utaratibu wa kila asubuhi ni huu. Binti anaoga mapema, anavaa nguo safi, anakaa mbele ya picha au sanamu ya Shiva na Parvati, na chungu cha javara kipo hapo hapo. Taa ya samli, kumkum (unga mwekundu), chandan (msandali), maua, matunda. Majani ya mti wa bili ni adimu huku nyanda za juu. Usimsumbue mtu kuyasafirisha hadi yafike yamenyauka. Kwa kitu kilichokosekana unatoa akshat, mchele mzima usiovunjika, na ibada imekamilika. Kisha javara zinapewa maji na kuvalishwa nagla, shada la pamba.

Nagla ni rahisi ingawa wengi wananunua. Chukua pamba ya dukani, ivute taratibu iwe kamba nyembamba bila kukatika, na kila baada ya kama sentimita mbili ibane na kuisokota kwa vidole vilivyoloweshwa, ukiacha kifundo laini katikati. Vifundo vinapakwa nukta za kumkum. Urefu uzunguke mdomo wa chungu mara moja na ubaki kidogo wa kufunga. Nagla mpya kila siku, kwa hiyo andaa tano mapema na uzihifadhi pakavu. Kumkum ibaki kwenye nagla na ukingo wa chungu tu. Nyingi za dukani zina rangi za viwandani, zikimwagika kwenye majani machanga yanakuwa na madoa ya kahawia siku ya pili.

Maji nayo yana adabu yake. Kama kuna wasichana watano wanaabudu chungu kimoja na kila mmoja anamimina lota (chombo kidogo cha maji) nzima, chungu kinazama. Kila mmoja atoe kijiko kimoja kwenye javara, maji yaliyobaki amimine kwenye bakuli pembeni, baadaye yapelekwe kwenye mmea wa tulsi. Maziwa matone mawili matatu tu. Yakizidi yanachacha ndani ya udongo na kuleta harufu.

Kisa cha Jaya Parvati asomewe au asimuliwe, asikae tu na kumwagia maji bila kujua kwa nini. Ni habari ya Brahmini Vaman na mkewe Satya wa mji wa Kaundinya, wacha Mungu waliokosa mtoto. Walimwabudu Shiva na Parvati kwenye linga (nguzo ya kumwabudia Shiva) lililosahaulika msituni. Siku moja mume akaumwa na nyoka alipokwenda kuchuma maua, na Satya akamlilia Parvati hadi mumewe akarudishiwa uhai. Kisha Mata (Mama Parvati) akawaelekeza vrat hii, wakapata mtoto wa kiume. Maua, msitu, uaminifu wa wawili, kila mmoja kwa mwenzake: mtoto akiyajua hayo, ile kazi ya asubuhi ya baridi inakuwa na maana kwake.

Mama_ForestMpya

Asanteni sana, Mungu awabariki. Mawili zaidi. Ndugu mmoja anasema ngano peke yake haitoshi, ziwe nafaka saba. Pia tumefanya jaribio la punje 20 na mizizi ina manyoya meupe. Ni ukungu tayari?

Ngano_Uyole

Manyoya yanayoota kuzunguka mzizi mchanga, yamesimama sawasawa na yanapotea ukinyunyizia maji, ni vinyweleo vya mzizi. Ni afya. Ukungu unatambaa kutoka punje hadi punje kama utando wa buibui, wa kijivu au kijani, na una harufu ya ghala lenye unyevu. Ukiuona sehemu moja, ondoa punje zile kwa kijiko pamoja na udongo wake, acha chungu juani na usimwagie maji hadi juu pakauke.

Nafaka saba zipo kweli kwenye desturi: ngano, shayiri, ufuta, choroko, mbaazi, kunde na mpunga. Lakini kwa baridi hii ngano na shayiri ndizo zinazovumilia. Ufuta, kunde, mbaazi, choroko na mpunga ni mazao ya joto. Ukizichanganya, ngano itasimama na zile zitaoza chini yake. Mkitaka saba, weka punje chache tu za kila aina pembezoni mwa chungu, zisizidi kumi kwa aina moja, na katikati pabaki ngano. Ufuta unyunyizie juu bila kuufukia. Na kwa mpunga, chukua mpunga wenyewe wenye maganda kutoka Kyela au Usangu. Mchele haumei.

Jikoni_Ipogolo

Suala la chakula lina mitego midogo midogo, hasa kwa mwanafunzi.

Bila chumvi maana yake chumvi zote, pamoja na ile ya mawe ya sendhav ambayo watu hula kwenye mifungo mingine. Mkate wa dukani una chumvi. Siagi ya mkebe ina chumvi. Biskuti, karanga za kukaanga za pakiti, jibini, achari, mchanganyiko wa masala uliotengenezwa tayari, vyote vina chumvi hata kama ulimi hauisikii. Soma karatasi ya pembeni au acha kabisa.

Kinacholiwa kinategemea nyumba. Wengi kwa watoto wanaruhusu rotli (chapati nyembamba) za ngano, maziwa, samli, sukari guru, matunda na njugu. Wengine, hasa kwenye Jaya Parvati, wanaacha nafaka na mboga zote, wanabaki na maziwa na matunda. Na wapo wanaokula mlo mmoja tu kwa siku. Kwa mtoto wa miaka minane mwaka wa kwanza, chagua njia ya kwanza na asizuiwe kula mara tatu.

Rotli bila chumvi zinakuwa ngumu zikipoa, na ndiyo hiyo atakayoila saa 4 shuleni. Kanda unga vikombe viwili kwa maziwa ya uvuguvugu badala ya maji, weka samli vijiko viwili vya mezani, acha unga upumzike nusu saa. Zipake samli zikitoka tu kwenye kikaango, zipange zikiwa zimekunjwa, funga kwenye kitambaa. Ladha itoke kwenye sukari guru, iliki na ufuta uliokaangwa kavu. Ukitaka kitu cha kushibisha, sukhdi: samli gramu 150, unga wa ngano gramu 200, kaanga moto mdogo dakika 12 hadi 15 mpaka unga uwe rangi ya asali na harufu itoke. Ondoa motoni, hesabu mpaka hamsini, ndipo utie sukari guru iliyokwanguliwa gramu 150. Ukitia wakati sufuria bado iko motoni inakuwa ngumu kama jiwe. Mimina kwenye sinia lililopakwa samli, kata ikiwa ya moto.

Nyanda za juu tuna bahati ya matunda: ndizi za Tukuyu, parachichi na matofaa ya Njombe. Parachichi na maziwa vinashibisha kuliko glasi tano za juisi. Mwambie mwalimu wa darasa mapema kwamba mtoto hali chakula cha shule siku hizo tano. Makande ya shule yana chumvi, na mtoto akiona aibu kueleza atayala.

Kuhusu afya: mtu mzima au mtoto mwenye afya anamaliza siku tano vizuri, na maziwa yenyewe yana chumvichumvi ya asili. Asinywe maji matupu mengi kupita kiasi akidhani anajisaidia. Akipata kuhara au kutapika, kizunguzungu kisichoisha, au kuchanganyikiwa, mfungo unasimama pale pale na anapelekwa kituo cha afya. Mjamzito, mwenye kisukari na anayetumia dawa za presha waongee na daktari kabla ya siku ya kwanza.

Gangilonga_Mandir

Yamebaki jagran na maji ya mwisho.

Jagran ni usiku wa mwisho, wanakesha kwa bhajan (nyimbo za ibada) na garba (ngoma ya Kigujarati). Kwa mtoto wa mwaka wa kwanza mandir nyingi zinamwacha alale baada ya usiku wa manane. Jambo moja nalisema kwa msisitizo: kwa baridi ya Mbeya watu huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na waliokesha wakisinzia karibu nalo hawaamki. Vaeni masweta, leteni mablanketi, chezeni garba. Jiko libaki nje, hata la kupikia chai.

Asubuhi, baada ya kuoga na puja, javara zinang'olewa na udongo wake na kupelekwa majini. Kwanza vua kila kisichooza: karatasi za kung'aa, nyuzi za nailoni, vikombe vya plastiki. Nagla ya pamba iende nazo. Chungu kirudi nyumbani. Kwa Iringa watu hushuka Ruaha Mdogo, lakini kingo zina utelezi na wasichana hawajalala, kwa hiyo aingie mtu mzima mmoja, wengine wabaki juu. Kwa Mbeya kiangazi, Nzovwe na Sisimba zina maji kidogo na walio chini wanayatumia. Jaza beseni maji safi nyumbani, zamisha javara humo kwa sala ileile, halafu maji na udongo mwaga kwenye shina la mti wa matunda, majani mpe ng'ombe. Hakuna anayekosa baraka kwa hilo.

Kisha ndipo anafungua kwa chakula chenye chumvi, rotli na mboga. Chumvi iwe kidogo mlo wa kwanza, baada ya siku tano ulimi unaiona kali. Na weka daftari: mwaka wa kwanza, tarehe, kanuni ya chakula mliyoichagua. Gauri Vrat huenda miaka mitano mfululizo, Jaya Parvati huchukuliwa mitano, saba, tisa, kumi na moja au hadi ishirini, na siku ya kuhitimisha, ujavnu, mtaalika wasichana wengine wanaofunga, mtawalisha na kuwapa zawadi. Kanuni mliyoanza nayo ndiyo mtakayoulizwa siku hiyo.

Mama_ForestMpya

Nimeandika yote. Jaribio letu limetoa punje 18 kati ya 20, ngano ni ya Mwanjelwa. Tutaloweka jioni ya tarehe 14. Kwa Jaya Parvati mandir imetuambia tuanze tarehe 26, kwa hiyo chungu cha shangazi tutaloweka tarehe 15.